Miligramu Tano

Miligramu tano za unga mweupe, hazijai hata ukucha.
Zimetugharimu bei ya mtamba wa Rungwe, mwenye mimba.
Zilishuka Songwe ndani ya barafu kavu,
na mtu wa forodha akauliza: "Hii ni dawa?"
Si dawa. Lebo yenyewe imesema kwa herufi nyekundu:
KWA UTAFITI TU. ASIPEWE MTU. ASIPEWE MNYAMA.

Mwenye ufunguo wa friza ni mimi.
Julai hii Mbeya mabomba yanagoma alfajiri,
baridi inateremka Loleza bila kubisha hodi,
nami naingiza mkono kwenye nyuzi themanini chini ya sifuri
kutafuta habari za moto,
ule uwakao ndani ya nyama pasipo kuni.

Dakta Mwakibete huwaeleza wanafunzi hivi:
seli ikiguswa na adui hupiga mbiu.
Kimeng'enya humpokeza kimeng'enya mwenzake,
kama ndoo zinavyopita mikononi nyumba inapoungua,
hadi kiini kisikie, kifungue ghala, kigawe silaha.
Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.
Ila iko miili ambamo mbiu inalia na jambo hakuna,
inalia kutwa, inalia kucha,
na mgambo, kwa kukosa mwizi,
wanavunja milango ya waliowaajiri.

Kizuizi chetu ni kiganja
juu ya mdomo wa baragumu.

Sahani ya plastiki ina visima tisini na sita,
kimoja hakitoshi kumzamisha panzi.
Nusu nikavipa kizuizi,
nusu nikavipa kiyeyushi kitupu,
kisha vyote, bila upendeleo, sumu ya bakteria.
Kesho yake nikapima:
safu za juu njano, njano ya alizeti inayopiga kelele;
safu za chini kimya, maji ya mtungini.
Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi.
Halafu nikaviona vidole vya mama.

Sekela, mama yangu. Miaka thelathini vidole vile
vilichimba viazi Uyole,
sasa vyenyewe vimeota viazi, kila kifundo.
Kifungo cha sweta kinamshinda.
Vidonge vya hospitali ya rufaa tumbo limevikataa.

Na kwenye kichupa yalibaki mabaki,
mikrolita arobaini.
Nani angejua? Daftari naliandika mimi,
friza naifunga mimi, mlinzi ananiita shemeji.
Nilikishika kichupa mpaka barafu yake ikayeyuka kwenye glovu.

Lakini kiasi gani, kwa mwanamke wa kilo hamsini na mbili?
Kwa siku? Kwa wiki?
Kisima hakina ini. Kisima hakina figo.
Kisima hakiniiti "mwanangu" kikiniona mlangoni.
Nikamimina kwenye pipa la taka za kemikali,
nikasaini. Saini ilipinda.

Jioni nikamwekea beseni, maji ya moto na chumvi,
nikamsimulia habari za mbiu na kiganja.
Habari ya kichupa sikumsimulia.
Alisikiliza mikono ikiwa majini, macho kwenye mvuke.
"Basi mkishaiziba hiyo baragumu," akasema,
"na usiku huohuo mwizi wa kweli akaja?"

Swali hilo tunalo, mama. Liko kwenye andiko letu la mradi,
ukurasa wa thelathini na nane,
limeandikwa kwa lugha ambayo haimwamshi mtu.
Kwako lilisimama wima kama mtu aliyebeba mwenge.

Sikuwa na jibu. Nikavuta sufuria, nikaanza kumenya viazi.
"Maganda hayo mazito," akasema, "unawamenyea nguruwe?"
Akatoa mkono kwenye beseni, unachuruzika maji,
akakitaka kisu.
Nikampa.
Ilichukua muda mrefu, kiazi kimoja.